Ratiba ya likizo ya Juni kwa klabu ya vijana, pwani ya Tanga: mikoko, soka la ufukweni na kitalu vipangweje?

Mlezi_Raskazone

Habari zenu wakuu. Naratibu klabu ya vijana kusini ya mji wa Tanga, upande wa njia ya Pangani. Wanachama ni kama 60, wa miaka 10 hadi 22, wengi wanafunzi. Shule zikifunga mwezi wa sita tuna wiki nne za kuwashughulisha, halafu kuanzia Julai tunabaki na Jumamosi tu hadi mvua za vuli.

Tumekubaliana mambo matatu: kupanda mikoko, mashindano ya soka la ufukweni ya timu 8 za mitaa, na kitalu cha miche 500 ya kupandwa shuleni na misikitini vuli ikianza. Rasimu ya sasa inasema kila Jumamosi mpira asubuhi kabla jua halijawa kali, mikoko alasiri, na kitalu tukianze Septemba ili miche isizeeke kabla ya mvua.

Naomba waliokwisha kuendesha mambo haya waipitie. Ratiba inakaa? Udongo kiasi gani, watu wangapi, na tangazo la wazazi liwe na nini?

Bamvu_na_Mafu

Salaam mwalimu. Mpango ni mzuri ila saa umezigeuza. Pwani yetu ratiba haianzi na Jumamosi, inaanza na mwezi wa angani.

Wakati wa bamvu, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji huku kwetu yanakupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na yanajaa kabisa karibu saa 10 alasiri. Mkienda mikokoni alasiri ya bamvu mtakuta maji kifuani. Mkienda alasiri ya maji mafu, yaani siku ambazo mwezi ni nusu angani, maji yanakuwa yamekupwa saa hizo hizo za alasiri lakini hayatoki sana, kwa hiyo matope ya chini hamyaoni vizuri. Kazi ya mikoko ni asubuhi ya bamvu: mnaingia saa 2, mnayafuata maji yanavyotoka, na saa 5 mnatoka bila mjadala. Maji ya bamvu yakianza kurudi hujaza vijito vya nyuma yenu kwanza, na hapo ndipo watoto wadogo hukwama.

Ukitumia kalenda ya Kiislamu huna haja ya jedwali la maji kwa mpango wa awali: tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18 ni bamvu, tarehe 8 hadi 11 na 22 hadi 25 ni mafu. Ukishapata siku, ndipo uangalie jedwali la bandari ya Tanga kwa saa kamili, maana kila siku maji husogea mbele wastani wa dakika 50.

Kwa hiyo wiki nne za likizo zinajipanga zenyewe: wiki ya bamvu ni mikoko, wiki ya mafu ni mpira, kisha mnarudia. Tena msivutwe na tarehe za maadhimisho. Tarehe 5 Juni ni Siku ya Mazingira na 26 Julai ni siku ya kimataifa ya mikoko, na kila mwaka kuna watu wanapanda siku hizo kwa sababu mgeni rasmi amepatikana, maji yakiwa hayaruhusu. Mgeni rasmi ahutubie siku yake, miche ipandwe siku yake.

Sasa mbegu. Kwa klabu inayoanza, pandeni mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya matao, kwa kuwa mbegu yake inapandwa moja kwa moja bila kitalu. Mbegu ni ile ndefu ya kijani, sentimita 30 hadi 60 na zaidi. Iliyokomaa utaijua kwenye shingo, pale inapoungana na tunda: pete ya hapo inakuwa ya njano. Ikiwa bado kijani, iacheni mtini. Msiling'oe tunda kwa nguvu, kwa sababu chipukizi limo ndani yake na likikatika mbegu hiyo imekwisha. Acheni lidondoke lenyewe. Tupeni zote zenye vitobo vidogo, humo kuna mdudu. Zilizobaki zikae kivulini kwenye gunia lililoloweshwa maji ya bahari na zipandwe ndani ya siku chache.

Kupanda: kijiti kwanza kitoboe shimo, ndipo mbegu iingie theluthi moja ya urefu wake, chipukizi likiwa juu. Watoto wengi huipanda kichwa chini kwa sababu ncha zote mbili zinaonekana zimechongoka, basi mkubwa mmoja azunguke kukagua kabla hamjaondoka. Nafasi ni mita 1 kwa mita 1, kwa kamba yenye mafundo. Gawa wawili wawili, mmoja anatoboa, mwingine anapanda. Siku ya kwanza mbegu 500 zinatosha. Kikundi kikiambiwa kimalize 2,000 kitaishia kuchomeka tu.

Ruhusa ni lazima. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), hata kuokota mbegu waambieni. Eneo lenu huenda pia limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga iliyotangazwa 2009, kwa hiyo pitieni ofisi yao pamoja na BMU (kamati ya usimamizi wa ufukwe) ya kijiji. Anzeni barua wiki tatu kabla.

Refa_Mchangani

Naongezea kwenye mpira, maana hapo aliposema mdau ndipo penye uwanja wenyewe. Alasiri ya bamvu bahari inauchukua uwanja. Alasiri ya maji mafu hata yakijaa hayafiki juu. Tafuta mstari wa takataka ulioachwa na bamvu iliyopita, kisha shuka chini yake: mchanga kati ya mstari huo na mahali maji mafu yanapoishia umeshindiliwa na maji, hauzamishi mguu sana. Huo ndio uwanja. Mchanga wa juu kabisa ni mkavu na laini, vijana wanachoka kipindi cha kwanza na vifundo vya mguu vinateguka.

Vipimo vya soka la ufukweni: urefu mita 35 hadi 37, upana mita 26 hadi 28, goli upana mita 5.5 na urefu mita 2.2. Wachezaji 5 kila upande pamoja na kipa, peku, kubadilishana bila kikomo. Vipindi 3 vya dakika 12. Mstari wa kati hauchorwi, unaonyeshwa na bendera mbili nyekundu za pembeni. Kona zina bendera za njano. Mipaka tumia utepe au kamba pana ya rangi, si chokaa. Chokaa ambayo haijazimwa inaunguza ngozi na ikiingia jichoni ni hatari kubwa, na mchezo huu mchanga unaruka usoni muda wote.

Goli la miti au mabomba lisimamishwe kwa magunia ya mchanga nyuma, mawili kila upande, yamefungwa kwenye fremu. Goli lisilofungwa ndilo linaloua watoto viwanjani, wanaponing'inia mwamba wa juu. Kabla ya mechi ya kwanza ya kila siku, watu sita wapite na reki wakichambua kina cha sentimita 15: ndoana, vioo, maganda ya chaza.

Sasa hesabu. Timu 8 zikikutana zote ni mechi 28, hazitoshi ndani ya likizo. Fanya makundi mawili ya timu nne: mechi 12, nusu fainali 2, mshindi wa tatu na fainali, jumla 16. Mechi moja pamoja na mapumziko mawili ya dakika 3 ni dakika 42, weka 55 kwa ajili ya kupisha. Ukianza saa 9:00 alasiri, zinazofuata ni 9:55 na 10:50, unamaliza 11:32. Mechi ya nne haiingii, kwa sababu Juni jua la Tanga linazama karibu saa 12:20 na ukichelewa kidogo tu utapigia penalti gizani.

Wengi hugawa 12 kwa tatu wakapata siku nne, wakadhani wamemaliza. Kosa linajificha mwisho: mechi mbili za mwisho za kundi moja zinaangukia siku tofauti, na timu ya siku ya pili inaingia ikijua matokeo inayoyahitaji. Hapo ndipo ugomvi wa kupanga matokeo unapoanza. Panga hivi: Alhamisi A1–A2, A3–A4, B1–B2. Ijumaa B3–B4, A1–A3, A2–A4. Siku hiyo anza 9:15 ili waliotoka msikitini wale kwanza. Jumamosi B1–B3 na B2–B4 tu. Jumapili mechi nne za mwisho za makundi yote, kuanzia saa 8:05 mchana, na maji ya kunywa mara mbili ya siku nyingine. Nusu fainali na fainali zisubiri maji mafu yanayofuata, Jumamosi na Jumapili.

Vijeba, yaani waliozidi umri, wadhibitiwe kabla, si uwanjani. Kila timu ilete majina 10 na nakala za vyeti vya kuzaliwa au barua ya mwalimu mkuu siku tano kabla ya mechi ya kwanza. Orodha ibandikwe ubao wa serikali ya mtaa kwa siku tatu, pingamizi zipokelewe kwa maandishi. Baada ya hapo hakuna pingamizi la umri linalosikilizwa.

Mlezi_Raskazone

Nashukuru sana wakuu, nimeifuta rasimu yote. Maswali mawili. Mbele ya kijiji kuna tope wazi kubwa, halina mti hata mmoja, na ndipo tulipoelekezwa kupanda kwa kuwa ni karibu na panaonekana barabarani. Upande wa nyuma kuna shamba la chumvi lililoachwa. Tuchague lipi? Na wasichana wanataka timu zao, ni wanne wanne tu kwa mtaa.

Bamvu_na_Mafu

Lote la kwanza liacheni. Tope lisilo na visiki ni tope ambalo mikoko haikuwahi kuishi, na sababu yake huwa ni moja: linafunikwa na maji muda mrefu mno kwa siku. Mche utakaa wiki kadhaa ukiwa wa kijani kwa sababu mbegu ina akiba yake, mtapiga picha, kisha vijidudu vya magamba vitauganda shina, mwani utaulemea, na mawimbi ya kusi yatamaliza. Pengine chini ya maji hapo kuna majani ya bahari ambayo samaki wanazalia, mkikanyaga mnaharibu kilichopo.

Mahali sahihi pana visiki, au pana miche michache iliyoota yenyewe. Nenda siku ya maji mafu yakiwa yamejaa: kama eneo zima limezama kwa kina cha goti na zaidi, ni chini mno kwa mkoko.

Shamba la chumvi lina tatizo tofauti. Matuta yamezuia maji, chumvi imejikusanya juu ya udongo, mkoko hautashika. Hapo kazi ya kwanza ni kufungua matuta ili maji yaingie na kutoka yenyewe, tena kwa kibali cha mwenye eneo na TFS. Bamvu kadhaa zikishapita, angalieni kinachoota. Mchu, aina nyingine ya mikoko, huvumilia chumvi kuliko wenzake na mara nyingi huja wenyewe kama miti mama iko jirani. Kwa vijana wenye majembe matuta ni kazi nzuri ya asubuhi mbili, na huenda ikawa na faida kuliko mbegu 500.

Mkishapanda popote, zungusheni kamba eneo la mita 10 kwa 10 mkahesabu waliohai baada ya mwezi 1, miezi 3 na miezi 6. Kwenye kila bamvu kundi la watu watano liende kuondoa mwani na plastiki kwenye miche. Kaa wakikata sana, jazieni kwa mbegu ndefu zaidi. Fupi ndizo wanazozivuta shimoni.

Mama_Viriba

Kitalu cha Septemba kimechelewa kwa baadhi ya miti na kimewahi kwa mingine, tegemea unaotesha nini. Mvinje mbegu yake ni vumbi, unasia kwenye sinia la mchanga, unapandikiza kwenye viriba (mifuko ya miche) ikiwa na sentimita 5 hadi 8, na jumla unahitaji miezi minne hadi sita. Huo uanze wiki ya kwanza ya likizo. Mwarobaini hauongozwi na tarehe bali na mbegu: inapoteza uhai ndani ya wiki chache, kwa hiyo okoteni mbichi, osheni nyama, sieni mara moja. Mkorosho weka mwisho wa Agosti, korosho zinazoelea kwenye ndoo ya maji tupa. Mlonge hata Septemba unatosha, unakua haraka mno.

Viriba 500 vya inchi 4 kwa 6 vinameza lita 215 hivi za udongo. Andaa ndoo 12 za lita 20: 6 za udongo wa juu wa porini, 4 za samadi, 2 za mchanga wa mtoni. Si wa baharini, una chumvi. Samadi iwe imeiva, haina harufu kali na haina joto ukiingiza mkono. Mkorosho mpe kiriba cha inchi 6 kwa 9, mzizi wake mkuu unashuka haraka; kila kimoja kinakula udongo zaidi ya mara tatu ya kile kidogo, kwa hiyo miche 100 ya mkorosho inabadilisha hesabu yote.

Kinachoua miche ya vijana mara nyingi ni mapenzi ya maji. Kila anayepita anamwagilia. Shina linasinyaa pale linapogusana na udongo, mche unalala, na kesho wanne wa pembeni wamelala. Ukiona hivyo ondoa kiriba chote, punguza maji, tenganisha vilivyobaki, fungua kivuli asubuhi. Panga zamu iandikwe ukutani, mtu mmoja asubuhi na mmoja jioni, keni mbili za lita 10 kila zamu. Kusi linakausha sana Julai na Agosti, kwa hiyo upande wa baharini wekeni ukuta wa makuti, lakini wiki tatu kabla ya kupanda toeni kivuli na punguzeni maji ili miche ikomae.

Vuli ikinyesha mara moja msikimbilie kupanda. Chimba, unyevu ukifika sentimita 30 chini, panda. Wiki ya Vijana inayofikia kilele 14 Oktoba ni nafasi ya kuonyesha miche na kugawa maombi, ila kupanda mara nyingi itakuwa Novemba.

Dada_Huduma_ya_Kwanza

Kuhusu wasichana: wanne kwa mtaa, mitaa miwili ikiungana ni kikosi cha wanane, kinatosha kabisa kwa wachezaji watano uwanjani. Timu nne, mechi sita. Wape mechi mbili Jumatano kuanzia saa 9, na ile ya saa 9 Alhamisi, si ya mwisho, wiki zote mbili za mafu, ili wafike nyumbani mapema. Mechi za wavulana Alhamisi zisogee mbili tu na moja ihamie Jumamosi yenye nafasi. Awepo mwanamke mtu mzima kila siku, na chumba cha kubadilishia kiombwe shuleni au zahanati, si nyuma ya mashua.

Mikokoni: viatu vya raba vilivyofungwa kamba. Ndala zinabaki topeni na maganda ya chaza yanakata kama wembe. Watoto wa chini ya miaka 14 wabaki ukingoni kupokezana mbegu. Mkubwa mmoja kwa watoto wanane, hesabu ya vichwa wakati wa kuingia, saa 4 na wakati wa kutoka. Jeraha la topeni lioshwe kwa maji mengi safi na sabuni, na kama haijulikani alichomwa lini sindano ya pepopunda, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kwenye mpira, aliyegongwa kichwa akaonekana kuduwaa, kutapika au kuuliza jambo lilelile, anatoka na harudi siku hiyo hata akisema yuko sawa. Maji ya kunywa lita 1.5 kwa kila mchezaji. Pakiti za ORS, za kurudisha maji mwilini, zikiisha: lita 1 ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Tangazo la wazazi liwe fupi, la ukurasa mmoja: tarehe, saa ya kufika na saa ya kurudi, mahali, mavazi, nani mtu mzima mhusika, na sehemu ya chini ya kukatwa yenye sahihi ya mzazi, ugonjwa wa mtoto kama pumu au kifafa, na namba ya kupigia. Lisomwe msikitini na kanisani pia, si kwenye grupu la WhatsApp peke yake.

Mlezi_Raskazone

Mungu awabariki. Nimeandika hivi, nikosoeni:

"KLABU YA VIJANA – LIKIZO YA JUNI. Wiki ya 1 na ya 3 (bamvu): kuandaa eneo na kupanda mikoko, Jumamosi saa 2 hadi saa 5 asubuhi. Wiki ya 2 na ya 4 (maji mafu): soka la ufukweni, wavulana na wasichana, kuanzia saa 9 alasiri. Kila Jumanne: kitalu, saa 3 asubuhi, mvinje tunasia wiki ya kwanza. Mikokoni tuvae raba na suruali, tuje na maji. Wa chini ya miaka 18 aje na karatasi iliyosainiwa na mzazi."

Bamvu_na_Mafu

Limekaa. Rekebisha mambo mawili. "Saa 2" wazazi wataielewa ni saa ya mtoto kutoka nyumbani. Andika "kukusanyika saa 1:15, kuingia mikokoni saa 2, kutoka saa 5". Na Jumapili ya mwisho wa makundi mpira unaanza 8:05, si saa 9, iandike peke yake, la sivyo timu ya mechi ya kwanza itapoteza kwa kutofika.